Mkono Kwanza, Sindano Mwisho

Ukitaka kumwudhi Mama Mkono, mwulize kama ana uhakika. Atakuangalia kuanzia kandambili mpaka utosi, atavuta glovu yake ndefu mpaka kwapani, kisha atakuuliza wewe umeingiza mkono ndani ya nyati wangapi tangu uzaliwe. Utamjibu nini? Yeye mwenyewe ameshaacha kuhesabu. Mkono wake wa kushoto umenenepa kuliko wa kulia kwa ajili ya kazi, hadi fundi cherehani wake anajua bila kuambiwa kwamba upande wa kushoto wa blauzi lazima uongezwe vidole viwili.

Kazi yake ni uhimilishaji. Kwa lugha ya zizini, anawapa mimba nyati wa maziwa kwa mrija wa mbegu, dume akiwa hayupo wala hana habari. Lakini mrija ndio mwisho wa kazi. Mwanzo wake ni mkono: unaingia kwa nyuma, taratibu, mpaka begani, na kupitia ukuta wa utumbo unapapasa mfuko wa uzazi ulivyo na ovari zinafanya nini. Hapo macho hayana kazi, ni vidole tu.

Na nyati msimchukulie kama ng'ombe. Ng'ombe akitaka dume mtaa mzima utajua. Atalia, atapanda wenzake, atakata kamba. Nyati ni mtu wa siri. Akishazaa ananyamaza, mwezi wa pili, wa nne, wa sita, na mwenye mnyama anakamua maziwa yanayopungua huku akijiuliza kulikoni. Kimya hicho kina sababu tatu. Kuna nyati ambaye ovari zake zimelala fofofo tangu azae. Huyo anawekewa kifaa cha homoni ukeni kwa siku kadhaa, na sindano zake, mpaka ziamke. Kuna ambaye ovari ziko macho, joto linamjia, ila linapita bila sauti; huyo sindano moja ya homoni inatosha kumrudisha kwenye joto baada ya siku mbili tatu, nawe ukawa unamngoja na mrija. Halafu kuna wa tatu. Huyo amenyamaza kwa sababu ana mimba. Sasa shika hapo: ile sindano ya yule wa pili, ukimdunga huyu wa tatu, ndama anatoka. Ni dawa ileile, chupa ileile. Ndiyo maana Mama Mkono ana sheria yake, na asiyeitaka akatafute mtu mwingine: mkono kwanza, kalamu pili, sindano mwisho.

Hiyo kalamu iliingiaje? Hapo ndipo penye kidonda, nacho kina miaka kumi na mmoja.

Wakati huo alikuwa ameajiriwa kwenye shamba kubwa la nyati. Mkuu wake alikuwa daktari wa mifugo ambaye kila mtu alimwita Daktari tu, kana kwamba duniani hapakuwa na mwingine. Mtu mrefu, sauti nzito, shati jeupe. Zizini, kwenye kinyesi cha nyati mia na ushei, shati jeupe, na jioni linatoka bado jeupe. Ungejua hapo hapo kwamba kuna wengine wanaochafuka kwa niaba yake.

Wakubwa kutoka juu walikuwa wanakuja kuona maajabu: nyati arobaini waliozaa na kunyamaza, sasa wote wanakuja joto siku moja. Mama Mkono akapima arobaini hao kwa siku mbili, mkono ukafa ganzi. Akamwendea Daktari akamwambia wanne wana mimba, dume alipita mahali, wasidungwe.

Daktari hakuinua hata uso kutoka kwenye karatasi zake. "Wageni wameambiwa arobaini."

"Basi watakuwa thelathini na sita, Daktari."

"Binti," akasema, "wewe ni mkono. Kichwa ni mimi."

Wakadungwa arobaini. Na mwenye kujaza mabomba ya sindano arobaini alikuwa yeye Mama Mkono, mikono mitupu, kwa sababu glovu zilikuwa zimekwisha stoo na wageni hawangoji glovu. Kizibo cha chupa moja kilikuwa kinavuja. Dawa ikamchuruzika kwenye vidole, akajifuta kwenye sketi, akaendelea. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa.

Siku ya nne nyati wanne wakaharibu mimba. Siku ya tano ikawa zamu yake, kwenye choo cha wafanyakazi chenye mlango usiofunga vizuri.

Je, ni dawa iliyomtoa mwanawe? Nesi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimba huharibika kwa mengi. Ila ndani ya boksi la dawa kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nane, ambayo Mama Mkono aliisoma kitandani, maji yakiwa yameshamwagika: dawa hii hupita kwenye ngozi, mwanamke mjamzito asiiguse. Daktari alikuwa ameisoma karatasi hiyo miaka nenda rudi. Na wiki mbili kabla, Mama Mkono mwenyewe alikuwa amempelekea mkononi barua ya kliniki inayosema ni mjamzito apewe kazi nyepesi. Daktari akaja kusema hakupata barua yoyote. Kwenye ripoti akaandika mstari mmoja: mhimilishaji alikosea kupima. Barua ya kufukuzwa kazi ilimkuta bado yuko kitandani, chupa ya maji ya moto tumboni.

Watu nao, mdomo ni mali ya mtu. Nyati wanne, na yeye mwenyewe wa tano, hesabu ikawa tamu kupita kiasi. Wakampa jina. Mtoa Mimba. Alikuwa akipita na baiskeli yake na boksi la kazi nyuma, unasikia mtu anamwambia mwenzake afunge lango, Mtoa Mimba huyo anapita. Mtoto mwingine hakuja.

Jina hilo lilimchukua miaka minane kulivua, zizi kwa zizi. Alianza na wafugaji walioshindwa kabisa, wenye nyati ambao kila mtu ameshawakatia tamaa. Kila mnyama aliyemgusa alimwandikia kadi, na karatasi ya kaboni chini yake, nakala moja ya mwenye mnyama na moja yake: nimegusa nini, nimesema nini, na chini kabisa saini. Usipotia saini, hachomi sindano. Watu wakaona anachosema kinakuwa. Akisema tupu, ni tupu. Akisema mwezi wa pili, ukihesabu unakuta ndama anaanguka juma lilelile. Jina la Mama Mkono likaja kufunika lile lingine, ingawa chini ya rangi mpya ile ya zamani bado ipo.

Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa mzaha na moyo mwepesi, alikuwa akimwambia, "Mke wangu, yule mwachie Mungu."

"Nimemwachia," anajibu. "Ila Mungu akitaka shahidi, mimi nipo, na kadi ninazo."

Maana hakusahau. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Alikuwa akiosha vyombo anamwona Daktari amepiga magoti. Alikuwa akifua anamwona Daktari hana shati. Alichotaka hasa kwake ni neno moja, "nilijua". Aliseme kwa kinywa chake mwenyewe, kisha aonje kudhalilika kama alivyomwonjesha mwenzake. Bila neno hilo alijiona kama mtu aliyezika mtoto bila kaburi.

Basi malipo ni hapa hapa. Daktari akastaafu, akanunua nyati tisa, akajenga zizi nyuma ya nyumba yake mwisho wa barabara ya lami. Wanyama walikuwa wake kwa maneno. Kwa vitendo walikuwa wa mkewe, mama mmoja mpole, mnene, ndiye anayewakamua, ndiye anayewapeleka dimbwini mchana wakajilaze kwenye tope. Nyati mmoja mweusi tii, maziwa yake yanashinda ya wawili, mama yule alimbandika jina la Mke Mwenza. "Mume wangu akiamka anamwuliza huyu hali kabla yangu," anawaambia watu. "Sasa si mke mwenza huyo?" Anacheka peke yake, na huku anamkuna masikio.

Nyati wakazaa, wote tisa, wakanyamaza, wote tisa. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Daktari mwenyewe hakuweza kupima: bega lake la kulia lilikuwa limekwisha, ndivyo kazi hiyo inavyowalipa watu wake, mkono haupandi kupita kifua. Akaita vijana wawili wa uhimilishaji, wakapiga mirija wakaondoka, hakushika mimba hata mmoja. Maziwa yakawa yanapungua kila juma. Mkewe ndiye aliyempigia simu Mama Mkono, bila kumwambia mumewe jina la mtu anayemwita.

"Njoo mwanangu," akasema. "Nasikia mkono wako hausemi uongo."

Mama Mkono akakata simu, akakaa kwenye kigoda uani dakika nyingi. Mumewe akamwuliza nani amekufa. "Hajafa bado," akasema.

Alikwenda asubuhi yenye baridi kidogo. Daktari alikuwa amesimama kando ya kizimba cha mbao cha kubania mnyama, shati jeupe, mvi sasa, bega limelala upande mmoja. Alipomwona akakunja uso, kisha akaukunjua. Mtu mwenye shida hachagui.

"Kumbe ndiye wewe Mama Mkono."

"Ndiye mimi. Yule binti."

Kwenye dirisha la stoo alikuwa ameshapanga mabomba tisa ya sindano, yamejazwa. Mama Mkono aliijua ile chupa kabla ya kuisoma. Mbegu zilikuwa zimeagizwa zifike siku ya tatu, na Daktari alitaka wote tisa wadungwe leo, waje joto kwa pamoja, wapigwe mrija siku moja, mambo yaishe. Mtu hazeeki akili, anazeeka bega tu.

Akavaa glovu, akaipaka mafuta, akaanza. Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni na ndoo ya maji ya moto, anamshika kila nyati shingoni na kumsemesha. Wa kwanza, ovari zimelala, ndogo, ngumu, hazina kifundo juu. Wa pili vilevile. Wa tatu yuko macho, joto lake limempita juma lililopita. Kila mmoja alisema, akaandika kadi, akampa Daktari, naye akatia saini kwa mkono wa kushoto huku akitazama kwingine. Wa nane alipotoka, hesabu ilikuwa watano wamelala na watatu wako macho. Mama mwenye nyumba akaona maji yamepoa na taulo limelowa, akaenda ndani kuleta mengine.

Akaingia Mke Mwenza.

Mkono ulipofika ndani ukakuta mfuko wa uzazi haupo pale ulipotakiwa kuwa. Umeshuka chini, mzito. Akaufuata. Vidole vikapita juu ya vifundo vidogo vidogo kama kunde ndani ya gunia. Akatafuta mshipa mkubwa wa pembeni, akaubana kidogo kwa vidole viwili, na mshipa ukamtetemea, damu inapita mbio kwenda kulisha kitu. Miezi minne. Kule dimbwini dume la jirani hujilaza na majike wa watu, na nyati ni mtu wa siri.

"Tupu?" akauliza Daktari, bomba la sindano tayari mkononi.

Nisiwafiche. Neno tupu lilimjaa mdomoni. Lingetoka lenyewe, Daktari angedunga mwenyewe kwa mkono wake, amuue ndama wa nyati wake bora kuliko wote. Alilishikilia pale mkono ukiwa bado ndani, ule mshipa unatetema. Lakini kadi? Miaka minane hajaandika uongo hata kwenye kadi moja. Hangempa mtu huyu zawadi hiyo.

Basi akasema kweli. Lakini sikilizeni alivyoisema. Mama Mkono anawajua wafugaji wakaidi kama anavyowajua nyati. Anajua ukitaka mtu wa namna hiyo akuamini, uvue kiburi kwanza wewe, uongee polepole, umwachie mlango wa kutokea. Amefanya hivyo mara mia. Siku ile hakufanya. Alichomoa mkono, akamtazama machoni, akatabasamu.

"Huyu ana mimba ya miezi minne, asidungwe. Mkono ndio unasema hivyo. Lakini kichwa si ni wewe."

Daktari akabadilika rangi. Kumbe alikuwa anakumbuka kila neno.

"Hapa hakuna dume," akasema. "Nimekuelewa mchezo wako. Unataka nimwache huyu, nimkose mwaka mzima, ucheke."

Hapo Mama Mkono angetaja dimbwi. Sentensi moja tu. Angesema, njoo nikuonyeshe mshipa, ingiza mkono wako wa kushoto. Badala yake akaandika kadi, herufi kubwa, akaikandamiza kalamu ili kaboni ishike vizuri: MIMBA, MIEZI MINNE, ASIDUNGWE. Akampa. Daktari akatia saini bila kusoma, hasira zimemjaa, kama vile kusaini ni kumtemea mate. Kisha akaanza kudunga, mmoja mmoja, wote tisa.

Mama mwenye nyumba alirudi na taulo sindano ikiwa imebaki ya Mke Mwenza, Daktari anainama kutafuta msuli wa shingo. Akamnyoshea Mama Mkono taulo.

"Vipi, mwanangu, mke mwenzangu mzima?"

Mama Mkono akajifuta, kidole kwa kidole. "Daktari yupo, mama. Mwulize yeye." Na sindano ikaingia.

Akapanda baiskeli yake. Njiani alikuwa anaimba, anasema mumewe, aliyemsikia kutoka kona ya pili.

Siku ya nne Mke Mwenza aliharibu mimba. Ndama alikuwa na ukubwa wa paka, hana manyoya, kwato zake nyororo kama ukucha wa mtoto mchanga. Kondo la nyuma likakataa kutoka, homa ikampanda, maziwa yakakauka. Wale watatu waliokuwa macho walikuja joto kama ilivyosemwa kwenye kadi zao, na wale watano waliolala wakaendelea kulala, kama ilivyosemwa kwenye zao. Na Daktari alifanya lile ambalo Mama Mkono alijua atalifanya. Alikwenda kwenye banda la kukusanyia maziwa, watu wakiwa kwenye foleni na ndoo zao, akasema yule mama ameanza tena. Mtoa Mimba.

Jioni ile ile jina lilikuwa limerudi mtaani, jipya, kama halijawahi kuondoka. Mfugaji mmoja akatuma ujumbe kwamba asije kesho, watamwita. Mumewe akawa anazungukazunguka uani hana mzaha hata mmoja. Yeye Mama Mkono alikula, akashiba, akalala usingizi wa mtoto.

Mwenyekiti wa wafugaji, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaita kikao palepale bandani kesho yake. Watu walikaa juu ya madebe ya maziwa yaliyopinduliwa. Daktari akasimama akaeleza: alimwita mpimaji, mpimaji akapima, kwa imani hiyo akadunga, na matokeo wameyaona, nayo si mara ya kwanza kwa mtu huyu. Akaeleza vizuri. Alikuwa na sauti ya kueleza. Watu wengine walikuwa wanatikisa vichwa kumwunga mkono.

Mama Mkono hakusimama. Alimpa mwenyekiti kadi tisa.

Mwenyekiti akasoma ya kwanza kwa sauti, ya pili, ya tatu, anarudia kila saini. Alipofika ya tisa akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mimba, miezi minne, asidungwe," akasoma. "Saini hii, Daktari, ni ya nani?"

Maziwa yalisikika yakidondoka kwenye chujio. Daktari akaishika kadi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kusoma maneno manne.

Mzee mmoja mkamuaji, aliyewahi kufanya kazi shamba lile kubwa, akauliza kutoka nyuma, taratibu tu, "Na mwaka ule, Daktari? Wale wanne?"

Daktari akatoka, kofia yake ikabaki juu ya debe. Watu wakageuka kumwangalia Mama Mkono, wengine hawawezi kumwangalia, wakawa wanaangalia miguu yao. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mtu akanong'ona. Mama Mkono aliwaangalia wote, mmoja mmoja, hasa wale waliokuwa wakifunga malango. Ilikuwa tamu. Mimi sitasema haikuwa tamu. Alikaa pale juu ya debe mpaka kila mtu akamaliza kuondoka, hakutaka kukosa hata mmoja.

Lakini neno lake alikuwa bado hajalipata.

Siku ya tatu baada ya kikao Daktari akaja mwenyewe kwa miguu, mchana, jua kali. Akasimama nje ya lango. Mumewe Mama Mkono alikuwa uani amepindua baiskeli anazungusha gurudumu kutafuta palipopinda. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Wale watano waliolala," akasema Daktari. "Wanahitaji kifaa, wawekwe na mtu anayejua. Na Mke Mwenza anaumwa. Vijana wote niliowaita wanasema mpaka wewe useme."

"Mimi ninasema nini?"

Akashika lango. "Ulinambia ana mimba. Sikukusikia."

"Na wale wanne wa mwaka ule?"

"Ulinambia."

"Na barua ya kliniki?"

Daktari akatazama gurudumu linazunguka.

"Hujaja kuomba kifaa, Daktari, umekuja kuomba mkono," akasema Mama Mkono. "Mkono huu hapa. Barua je?"

"Niliipata," akasema. "Niliisoma, nikaitia kwenye droo. Ulipokuwa unajaza mabomba nilikuona vidole vimelowa. Nilijua."

Mumewe akaweka mkono juu ya tairi, gurudumu likasimama. Mama Mkono alikuwa amelingoja neno hilo miaka kumi na mmoja, ameliota, amelipangia la kujibu, matusi yake yote ameyanoa. Lilipokuja hakukuta hata moja. Alilia pale pale mbele ya adui yake, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Kisha akajifuta uso kwa kanga.

"Kesho asubuhi," akasema. "Na kazi ya kushika mkia utaifanya wewe."

Kama hujui, kushika mkia ndiyo kazi ya mwisho kabisa zizini. Anapewa yule asiyejua lolote. Unasimama nyuma ya nyati, unashika mkia juu ili mpimaji aingie, na chochote kinachotoka kinakupata wewe.

Asubuhi ile majirani walikuwa na shughuli nyingi karibu na ukuta wa zizi la Daktari. Mama Mkono alianza na Mke Mwenza, akamsafisha, akampa dawa za homa. Kisha wale watano. Alimpima kila mmoja upya, akaingiza kifaa, kile chenye mabawa mawili na uzi unaobaki nje kama mkia wa panya, akaandika tarehe ya kukitoa na siku za sindano. Daktari alishika mikia. Nyati wa pili alimmwagia kifuani, shati jeupe likawa na rangi ya zizi, na nyuma ya ukuta mtu akakohoa kicheko.

"Juu zaidi, Daktari," akasema Mama Mkono. "Shika vizuri."

Akainua kwa bega lile bovu, jasho linamtoka, hakunung'unika.

Mama mwenye nyumba alileta maji ya moto. Akaweka ndoo chini, hakusalimu. Macho yalikuwa yamevimba, anakwenda anarudi kwa Mke Mwenza aliyelala pembeni. Alipoleta taulo hakumpa mkononi, alilitundika kwenye ubao. Mama Mkono alikuwa kwa nyati wa mwisho, mkono ndani mpaka begani, shavu limegusa nyonga ya mnyama.

"Nilikuwa hapo," akasema yule mama. Hakupandisha sauti. "Taulo mkononi. Huyu bwana nimeishi naye miaka thelathini, najua hasikii. Ungeniambia mimi."

Mama Mkono aliendelea kupapasa. Daktari alishika mkia akatazama chini. Kule pembeni Mke Mwenza alipumua kwa kukoroma.

"Huyu tupu," akasema Mama Mkono mwishowe, akichomoa mkono. "Ovari zimelala. Anaweza kuwekewa."

Mama yule akasogea, akamwekea nyati mkono shingoni.

"Una uhakika?"

Majirani ukutani wakatega masikio. Mama Mkono hakumwangalia kuanzia kandambili mpaka utosi, hakumwuliza ameingiza mkono ndani ya nyati wangapi. Aliurudisha mkono ndani, akafumba macho, akapima tena tangu mwanzo.